Ruta inajizima na kujiwasha, kapasita zimevimba: je, za redio zitafaa?

Swali: Nina ruta ya intaneti ya nyumbani ya volti 12, ina kama miaka sita. Asubuhi nikiiwasha, taa zote zinawaka kwa pamoja, zinazima, zinawaka tena, hivyo hivyo kwa nusu saa, kisha inatulia na kufanya kazi. Wiki hii haitulii kabisa. Fundi kasema haitengenezeki, ninunue nyingine. Nimeifungua nikakuta kapasita mbili zimevimba kichwani: moja imeandikwa 680µF 16V, nyingine 1000µF 10V. Kwenye redio mbovu ninazo mbili za 1000µF 25V. Naweza kuziweka hizo? Na kwa nini ilikuwa inapona ikishapata joto? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ruta yako inatengenezeka, na hizo kapasita mbili ndizo zenye kesi. Za redio usiziweke, hata kama namba zake zinaonekana kutosha na kuzidi (µF ni ujazo, yaani umeme ambao kapasita inaweza kuhifadhi, na V ni volti za juu inazovumilia). Sababu ya kuzikataa ndiyo hiyo hiyo inayoeleza kwa nini ruta ilikuwa ikipona kwa joto, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ndani ya kopo la kapasita ya aina hii kuna tepe mbili nyembamba za alumini, zimeviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa maji ya kemikali yaitwayo elektroliti. Miaka ikienda maji hayo hupungua. Mengine hupenya polepole kwenye mpira wa chini ya kopo, mengine hugeuka gesi, na gesi ndiyo iliyoinua vichwa ulivyoviona. (Ule msalaba au herufi K iliyochongwa juu ya kopo ni sehemu dhaifu ya makusudi, ili papasuke hapo badala ya kopo zima kuruka.) Maji yakipungua, ukinzani wa ndani wa kapasita, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake, unaopimwa kwa omu, hupanda. Kipimo hiki hakiandikwi kwenye kopo, ila mita zinazokipima hukionyesha kwa herufi ESR. Kapasita mpya nzuri ya ukubwa wa hizo zako huwa na omu 0.02 hadi 0.06 hivi. Iliyokauka hufika omu 1, 2, hata 5.

Sasa angalia kazi yake ndani ya ruta. Volti 12 za adapta haziendi moja kwa moja kwenye chipu. Zinapita kwanza kwenye saketi ya kushusha, inayoukata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde ili kupata volti 3.3, na nyingine za chini zaidi zinazokaribia volti 1 kwa ajili ya kichwa cha ruta, yaani chipu kuu inayoiendesha. Kapasita ya 16V karibu kila mara ndiyo iliyoko mlangoni, upande wa volti 12, na ya 10V iko upande wa pili, kwenye volti 5 au 3.3. Ile ya mlangoni inatakiwa kutoa umeme ghafla kila saketi inapofungua. Ikiwa mdundo ni ampea 1 na ukinzani wa ndani ni omu 2, volti 2 zinapotea hapo hapo kwa kila mdundo. Upande wa pili ni pabaya zaidi. Chipu nyingi za volti 3.3 zinavumilia kuyumba kwa asilimia 5, yaani volti 0.165 tu. Mtikisiko wa ampea 0.4 kwenye kapasita yenye omu 1 unayumbisha volti 0.4. Kichwa cha ruta kinaona umeme umeanguka, kinajizima, kinaanza upya. Na kwa kuwa redio ya Wi-Fi hula umeme zaidi inapoanza kurusha mawimbi, mara nyingi ruta huanguka kwenye hatua hiyo hiyo kila safari, sekunde chache baada ya taa ya Wi-Fi kuwaka.

Joto linaingiaje? Elektroliti ikipata joto huwa nyepesi na chaji hutembea ndani yake kwa urahisi zaidi, ukinzani unashuka. Ile nusu saa ya kuwaka na kuzima ilikuwa inazipasha moto kapasita mpaka zikaweza kazi. Sasa zimekauka kiasi kwamba hata joto haliziokoi. Hili linakupa kipimo cha bure: chukua kikausha nywele, puliza hewa ya moto juu ya kapasita hizo kwa dakika mbili tatu kutoka sentimita 10 hivi, kisha washa ruta. Ikiwaka na kutulia, ugonjwa umejitaja wenyewe.

Rudi kwenye kapasita za redio. Hizo zilitengenezwa kusafisha umeme wa transfoma, unaopanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kwa kazi hiyo ya polepole, ukinzani wa ndani wa omu 0.3 haumsumbui mtu. Ukiiweka kwenye ruta, mikondo ya kasi inapita kwenye huo ukinzani na kugeuka joto ndani ya kopo: ampea 1 kwenye omu 0.3 ni wati 0.3, ndani ya kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ruta inaweza kuwaka vizuri siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Halafu kuna swali la nyuzi joto. Za redio nyingi zimeandikwa 85°C, wakati ruta inataka 105°C. Hesabu yake ni rahisi. Mtengenezaji anapoandika saa 2,000 kwa 105°C, kila ukishuka nyuzi 10 umri unakaribia kuongezeka mara mbili. Ndani ya ruta iliyofungwa, kwenye chumba cha joto la pwani, kapasita iliyo jirani na saketi ya kushusha hufika nyuzi 65 bila shida. Ya 105°C itaishi hapo saa 32,000 hivi, yaani miaka mitatu na miezi minane ikiwaka usiku na mchana. Ya 85°C yenye saa hizo hizo 2,000 itaishi saa 8,000, miezi kumi na moja. Na hizo zako si mpya. Zimeshazeeka ndani ya redio.

Kabla hujanunua chochote, ondoa shaka ya adapta, maana dalili zake ni zile zile na ndani yake kuna kapasita za namna hiyo hiyo. Usitosheke na kuona 12 kwenye mita adapta ikiwa haina mzigo: adapta iliyochoka huonyesha volti 12 safi ikiwa mikono mitupu, ikibebeshwa ruta inaanguka hadi 8 au 9. Pima ikiwa imechomekwa, ncha za mita zikiwa chini ya bodi kwenye miguu ya tundu la umeme, wakati ruta inajaribu kuwaka. Ikishuka chini ya 11.4, adapta ina neno. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuazima adapta nyingine ya 12V. Za ving'amuzi nyingi ni 12V za ampea 1 hadi 2 na zinafaa. Ampea zikizidi zilizoandikwa kwenye ruta hakuna ubaya, zikipungua ndiyo tatizo. Hakikisha mchoro wa duara unaonyesha chanya iko katikati kama ya kwako, na linganisha plagi: zenye tundu la mm 2.1 na za mm 2.5 zinafanana kwa macho. Ya 2.5 kwenye ruta ya 2.1 inaingia lakini inacheza, na ruta inazima kila ukigusa waya. Watu wamewahi kubadilisha kapasita nzima nzima kwa sababu ya plagi inayocheza.

Adapta ikithibitika kuwa mbovu, nunua nyingine. Kopo la adapta ya ukutani limeunganishwa kwa kuyeyushwa, halina skrubu, na ndani kuna kapasita ya volti 400 inayobeba volti 325 hivi kutoka kwenye umeme wa 230V, ambazo zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Juu ya hatari hiyo, kopo ulilolivunja na kulifunga kwa gundi halikuhakikishii tena kwamba hakuna mtoto atakayegusa ndani.

Sasa manunuzi. Muulize muuza spea kapasita za 105°C zenye ukinzani mdogo wa ndani. Wengi watakuelewa ukisema "low ESR" au "za motherboard". Majina ya kuaminika ni Panasonic, Nichicon, Rubycon na Nippon Chemi-Con. Kwa ya mlangoni, tafuta 680µF 16V, au 25V kama inaingia. 820µF na 1000µF pia zinafaa. Kwa ya pili, 1000µF 10V au 16V. Volti zisipungue zilizoandikwa, zikizidi ni sawa, ila kopo linakuwa kubwa. Ndiyo maana uende na rula: kopo la kipenyo cha mm 8 lina miguu iliyoachana mm 3.5, la mm 10 ni mm 5. Pima pia urefu, kwani kifuniko cha ruta mara nyingi kinakaa karibu sana na kichwa cha kapasita. Ukikuta ya saa 5,000 badala ya 2,000, chukua hiyo. Kwa hesabu ya juu, ni kama miaka tisa badala ya mitatu na ushee.

Bandia zipo nyingi. Kuna zinazotengenezwa kwa kutia kapasita ndogo ndani ya kopo kubwa, na kuna za zamani zilizovishwa plastiki mpya yenye namba za uongo. Nyepesi kupita kiasi ukilinganisha na mwenzake wa ukubwa ule ule, tilia shaka. Kimita cha kupimia vifaa chenye skrini ndogo na tundu la kuchomeka miguu kinauzwa bei rahisi na kitakuonyesha ujazo na ESR kwa pamoja. Duka lenye hicho kimita ni duka la kurudi tena. Ikisoma 1000µF kama 850 usilalamike, asilimia 20 juu au chini inaruhusiwa. Ikisoma 400, irudishe.

Kama ulipo hakuna za namna hiyo, bodi mbovu ya kompyuta ni mgodi. Zile za kopo la fedha tupu, kichwa bapa kisicho na msalaba wala vazi la plastiki, ni za polima: hazina maji ya kukauka na ukinzani wake ni mdogo kuliko zote. Ya 16V yenye 270µF na kuendelea inafaa sana mlangoni, japo ujazo wake ni mdogo kuliko 680, kwa sababu hapo kinachohitajika zaidi ni ukinzani mdogo. Upande wa kutokea, kwenye 3.3V, usiharakie polima. Baadhi ya saketi za kushusha zilipangwa zikitegemea kaukinzani kadogo ka kapasita ya kawaida ili zisiyumbe. Ukikaondoa kabisa zinaweza kuanza kupiga mluzi au kutetema.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chomoa adapta, subiri dakika moja. Piga picha ya bodi kabla hujagusa kitu, karibu kabisa, mstari mweupe au mweusi ulio ubavuni mwa kila kapasita ukionekana: huo ni upande wa hasi. Kwenye bodi kuna duara lenye nusu iliyopakwa rangi, na kwa kawaida nusu hiyo ni hasi, lakini ziko bodi zilizofanya kinyume. Usikisie. Weka mita kwenye mlio (ile sehemu inayolia ncha zake zikiwa zimeungana kwa umeme), ncha moja kwenye chuma cha nje cha tundu la umeme, nyingine kwenye miguu ya kapasita. Unaolia ndio hasi. Kapasita iliyogeuzwa huchemka na kupasuka, wakati mwingine kabla hujaondoa mkono kwenye swichi.

Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 hadi 60. Ya wati 25 itakutesa kwenye mguu wa hasi, kwa sababu mguu huo umeungwa na karatasi pana ya shaba inayonyonya joto lote. Risasi ya kulehemu ya kiwandani kwenye bodi za miaka hii, licha ya jina, haina madini ya risasi ndani yake na inayeyuka kuanzia nyuzi 217 hivi. Ya dukani ya 60/40 (bati 60, madini ya risasi 40) inayeyuka chini ya nyuzi 190. Kwa hiyo ujanja ni huu: kabla ya kutoa, ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani kwenye miguu yote miwili. Zikichanganyika, zinayeyuka mapema. Kisha pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita upande kwa kidole, hamia mguu wa pili, inamisha upande mwingine, hivyo mara tatu nne mpaka itoke. Usivute kwa nguvu. Ndani ya tundu kuna bomba jembamba la shaba linalounga tabaka za bodi. Ukiling'oa, kapasita mpya itakaa vizuri kwa macho na isifanye kazi. Kila ukigusa, usizidi sekunde nne, acha papoe, rudia.

Tundu likibaki limeziba, hapa ndipo wengi wanaharibu kwa kutoboa na sindano au drili. Chukua kijiti cha meno. Weka ncha yake juu ya tundu upande mmoja, pasi upande wa pili, na risasi ikiyeyuka sukuma kijiti kipenye, ondoa pasi, acha papoe, zungusha kijiti kitoke. Risasi haishiki mti, na tundu linabaki safi na duara.

Kama kulikuwa na kimiminika cha kahawia chini ya kopo, sugua kwa mswaki wa zamani na spiriti mpaka pakauke pasafi. Majimaji hayo hula nyuzi za shaba na hupitisha umeme kidogo. Yakiachwa, mwakani utarudi hapo hapo. Kisha ingiza kapasita mpya mpaka kitako kiguse bodi, unga, kata miguu. Risasi nzuri hupanda mguuni kama kilima kidogo. Ikikaa kama tone la mvua juu ya jani la mgomba, haijashika, pasha tena.

Usiwashe bado. Pima ukinzani kati ya chanya na hasi ya kila kapasita mpya. Sifuri kamili maana yake umeunganisha miguu miwili kwa tone la risasi, lipate ulitoe. Usiogope ukiona omu chache tu kwenye njia ya volti 1, kichwa cha ruta chenyewe kinasoma hivyo. Kisha washa kifuniko kikiwa wazi, pima 12 mlangoni na 3.3 (au 5) kwenye ile kapasita ya pili. Mita ya kawaida haioni mitikisiko ya haraka, kwa hiyo usijaribu kupima mawimbi kwa upande wa AC. Mita za bei rahisi zitakupa tarakimu za ajabu ambazo hazina maana. Unachotaka ni namba iliyotulia.

Ikiwa volti zote zimetulia na bado inajizungusha, huenda mipangilio yake ya ndani imeharibika kwa umeme kukatika katikati ya uandishi. Bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde 10 hadi 30 ikiwa imewashwa. Na ikiwa inawaka vizuri ila tundu la waya wa intaneti halisomi kitu, huenda ni radi, na hiyo hakuna kapasita itakayoitibu. Jambo jingine la kuangalia ni kama kuna mtu aliwahi kuchomeka adapta ya 24V, ile ya antena za juu ya paa: kapasita ya 16V huvimba kwa hilo pia, na dayodi ya ulinzi karibu na tundu la umeme huwa imeungua. Pima kama inasoma sifuri pande zote mbili.

Kama ina kapasita ya tatu ya umri ule ule, haijavimba lakini ipo jirani na hizo mbili, ibadilishe nayo. Ndogo za kipenyo cha mm 5 au 6.3 nyingi hazina msalaba kichwani, hukauka bila kuonyesha chochote.

Ruta ikishawaka usiifunge siku hiyo. Iache ifanye kazi saa moja, watu wakitazama video, ukigusa makopo mapya kwa kidole: vuguvugu ni sawa, yasiyogusika si sawa. Kisha izime, iache usiku kucha. Shida yako ilikuwa asubuhi, ikiwa baridi, na ndipo mahali pa kuijaribu. Ikiwaka alfajiri kwa mara ya kwanza bila kurudia, rudisha kifuniko.